UZI: Wanairobi tuna ghuba yetu, iko Malindi, na wengi wetu hata hatujui

Kasia_Moja (mwenye uzi)

Wasee huu uzi ni mrefu, kama una haraka pita tu urudi jioni.

Kila nikisema wikendi naenda majini watu wa ofisini wananiuliza majini wapi na wewe unaishi Lang'ata. Swali zuri, kwa sababu hapa hatuna bahari wala ziwa, tuna mito tunayoivuka tukiwa tumeziba pua. Lakini hebu chukua ramani ufuate na kidole. Motoine inatoka upande wa Dagoretti, inapita msitu wa Ngong, inaingia Nairobi Dam. Ikitoka pale inaitwa Ngong River, inapita South B, Mukuru, Industrial Area, inakutana na Nairobi River huko chini, zote zinaingia Athi, Athi inashuka Fourteen Falls, inazunguka mlima wa Ol Donyo Sabuk, inakata Ukambani, ikishakutana na Tsavo inakuwa Galana, ikikaribia pwani inaitwa Sabaki, halafu inamwagika Bahari ya Hindi kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Maji ni yale yale, majina ndiyo kibao.

Kwa hivyo mimi ukiniuliza ghuba ya Nairobi iko wapi nakwambia iko Malindi. Sisi ndio tunaipelekea vitu.

Na hii kitu ukiwa ufukweni huioni. Nilikuwa naenda Malindi miaka yote kukaa kwa mchanga, maji yakiwa na rangi ya ajabu nasema ah leo bahari imechafuka, naagiza madafu. Mpaka siku tukapanda mashua kwenda kwa matumbawe, ilikuwa Januari, kaskazi, ule upepo wa kutoka kaskazini, inavuma, na tukafika mahali maji yamegawanyika kabisa, huku rangi ya chai ya maziwa, kule bluu, na mpaka wenyewe unauona kwa macho ukikatiza chini ya mashua. Nahodha akazima injini tuangalie. Akaeleza kwamba wakati wa kaskazi upepo na mkondo unaisukuma tope ya Sabaki ije kusini, mpaka kwenye matumbawe ya parki, na kusi, upepo wa kusini, ikiingia inageuka inaelekea Mambrui na kuendelea kaskazini. Halafu akaniuliza natoka wapi. Nikasema Nairobi. Akacheka tu akawasha injini.

Hiyo parki ya bahari ya Malindi pamoja na ya Watamu ni za 1968, kati ya za kwanza kabisa Afrika. Zimelindwa miaka hiyo yote dhidi ya wavuvi, nanga na watalii, lakini mto haujui mpaka wa parki, unaingia bila tiketi. Matumbawe yanataka jua, tope ikitanda juu yake mwanga unapungua, na ikikaa inayafunika.

Sasa rudini nyumbani. Nairobi Dam ilijengwa 1953, ekari kama 88, iwe akiba ya maji ya mji kukitokea shida. Ilikuwa na klabu ya mashua za tanga, ndiyo, hapo hapo kati ya Kibera na Lang'ata watu walikuwa wanatia tanga. Leo ukipita kwa barabara unaona kijani, mgeni atadhani ni shamba la sukuma. Hoja yangu ni moja: maji ambayo hakuna mtu anaelea juu yake hayana shahidi. Bomba linafunguliwa usiku nani ataona? Lori la mchanga likimwaga ukingoni nani atapiga kelele? Mtu wa mashua angeona, kwa sababu angejua jana hapo palikuwa na maji.

Semeni.

---

Mama_Otiende

Kijana umenikumbusha mbali. Sisi tulihamia Otiende, hapo Lang'ata, watoto wakiwa wadogo, na Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tunashuka dam kuangalia matanga, meupe, mekundu, mengine ya bluu, yanapinduka saa ingine na watoto wanashangilia mtu akianguka majini. Kulikuwa na wavuvi pia, hao hawakuwa wa klabu, walikuwa vijana wa Kibera na ndoano zao, wanauza kwa barabara, na baba watoto alikuwa mteja.

Gugumaji, ule mmea wa kuelea uliofunika dam, ilipoingia haikuingia siku moja. Ilianza upande mto unapoingilia, kisehemu tu na maua yake ya zambarau, na nakwambia tulisema ni maua mazuri. Halafu mashua zikaanza kukwama, watu wa klabu wakapungua, wavuvi wakahama, na hapo ndipo malori yalianza kuja. Nasema kwa mpangilio huo kwa sababu niliuona. Watu walitoka kwanza, uchafu mkubwa na wenye kunyakua wakaja baadaye.

---

NgumoFinest

Mzee wa makasia heshima yako lakini hii story ya mashahidi wanaelea imekaa kitajiri sana. Hiyo klabu ilikuwa ya nani? Si ya babangu. Babangu alikuwa anateka maji ng'ambo ile nyingine, ya Kibera. Mtaa mzima umejengwa pale miaka na miaka bila laini ya maji taka, watu wanaambiwa nyinyi si halali, kwa hivyo hamtapewa choo, halafu choo kikikosa wanaambiwa nyinyi ndio mnachafua dam. Na hapo Lang'ata kwenye nyumba za mawe unadhani mabomba yote yanaenda mahali yanafaa kwenda? Tembea siku ya mvua uangalie.

Msee aliyeshiba akipanda kayaki anaona machweo ya jua. Hiyo ndiyo inaniudhi.

---

Kasia_Moja

@NgumoFinest hapo kwa choo sina ubishi na wewe hata kidogo, bila laini ya maji taka hakuna dam, hata mje na mashua elfu. Lakini angalia Karura. Wakati hakuna mtu alikuwa anaingia Karura, msitu uligawanywa kwa makaratasi kimya kimya, ikabidi Wangari Maathai na wenzake waende 1999 wapigwe ndio nchi ijue. Na hata baada ya hapo ilikuwa pahali pa kuogopa. Kilichobadilisha ni uzio na watu kuanza kutembea ndani, baiskeli, watoto, harusi, leo mtu akikata mti mmoja pale simu zinalia Nairobi nzima. Uhuru Park pia, 1989 walitaka kuweka jengo la ghorofa 60, na kelele ilikuwa kubwa kwa sababu kila mtu wa mji huu, maskini kwanza, alikuwa amewahi kulala kwa hiyo nyasi akingoja saa ya matatu yake ifike.

Kwa hivyo sisemi irudishwe klabu ya wenyewe. Nasema maji yawe na watu. Wale vijana wa ndoano anaosema Mama Otiende ndio walikuwa walinzi wenyewe.

---

Nimeketi_Nyuma

Nimeleta kiti na njugu. Endeleeni.

---

Fundi_wa_Maji

Nimefanya kazi na maji miaka mingi, wacha niweke mambo mawili matatu sawa kabla ya mtu kununua kayaki.

Moja, gugumaji si ugonjwa, ni dalili. Huo mmea ulitoka Amerika Kusini, unakula naitrojeni na fosforasi, na maji taka ndiyo yamejaa hizo. Ukipata chakula na jua kama ya kwetu unaweza kujizidisha maradufu ndani ya wiki mbili hivi. Mkitoa kwa mikono, kwa mashine, kwa vijana wa mtaa, kama bomba la juu bado linamwaga mtarudi mwezi ujao mkute vile vile. Na mbegu zake zinakaa kwa tope miaka mingi zikingoja. Kisumu walileta wadudu wale wa kula majani miaka ya 90 mwishoni, walisaidia kweli, lakini ziwa likiendelea kulishwa gugu linarudi.

Mbili, chini ya hilo zulia hakuna oksijeni ya maana. Ndio maana samaki anayebaki sehemu kama hizo ni kambare, yeye anaweza kuvuta hewa ya juu. Ukiona mtu anauza kambare wa mto wa Nairobi tafadhali pita.

Tatu, na hapa @Kasia_Moja tusikubaliane: usipeleke mtoto wa mtu juu ya Nairobi Dam sasa hivi. Konokono wa kichocho wanapenda sana magugu kama hayo, na hapo sijasema taifodi na kipindupindu.

Nne, ile tope uliyoona Malindi usiibebeshe Nairobi yote. Sehemu kubwa ni udongo wa mashamba, milima imekatwa miti, ng'ombe wamekanyaga kingo, mvua kubwa ikipiga Ukambani baada ya kiangazi kirefu udongo unashuka wote. Nairobi mchango wake ni wa aina nyingine: maji taka, kemikali za viwanda, plastiki, na Dandora pale jalala limekaa kando ya mto tangu miaka ya 70 na lilishatangazwa limejaa 2001.

---

Mtoto_wa_Shela

Assalam aleikum ndugu zangu wa bara. Mie ni wa hapa hapa Malindi, kazi yangu bahari, na leo nimefurahi kuona Nairobi wanakumbuka kwamba maji yao yana mwisho.

Alosema fundi ni kweli, ila nami niongeze. Tope si adui peke yake. Kamba mnaokula kwenye mahoteli yenu wanatoka sehemu hizi za ghuba ya Malindi na Ungwana, na kamba wanapenda pale mito ya Sabaki na Tana inapomwaga, wakiwa wadogo ndipo wanapolelewa. Mto ukikauka kabisa nasi tutalia. Tena pale mlangoni mwa Sabaki kuna viboko, kuna heroe, kuna ndege wa kila namna wametoka mbali. Kwa hivyo siye hatusemi mto usije. Tunasema uje na kile ulichokuwa ukija nacho zamani, na usije na zaidi.

Wazee wanatueleza kwamba ufuo wa mbele ya mji ulikuwa karibu zaidi, sasa mchanga umeongezeka mpaka kuyafikia maji ni mwendo. Yote hayo yameletwa na mto. Mvua kubwa ikinyesha bara, siku chache baadaye siye tunajua bila kusikiliza redio. Magogo yanaanza kushuka, kisha chupa, kisha patapata za mguu mmoja mmoja, wallahi sijui ile ya pili huwa inakwenda wapi.

Na jambo jingine ambalo nyie hamlijui. Pale Baricho kuna visima kandokando ya huo huo Sabaki, ndivyo vinavyonywesha Malindi, Kilifi mpaka Mombasa. Kwa hivyo msidhani ni samaki tu.

---

NgumoFinest

Wacha... Mombasa wanakunywa maji ya huu mto???

---

Fundi_wa_Maji

Wanakunywa maji yaliyochujwa na mchanga kisha yakatiwa dawa, usiogope hivyo, mchanga ni chujio zuri. Mto nao unajisafisha njiani, una maporomoko, una mamia ya kilomita ya jua na hewa. Lakini kila mwaka tunaupa mzigo zaidi na kuna Bwawa la Thwake linajengwa Makueni, maji yakisimama pale ndio tutajua kama kweli yamejisafisha au yalikuwa yanakimbia tu. Maji yaliyosimama na yana chakula, mnakumbuka nimesema nini kuhusu gugu.

---

Mtu_wa_Dunga

Salamu kutoka Kisumu ingawa saa hii niko Umoja. Huku kwetu Winam ghuba yenyewe ina mlango mwembamba wa kutokea ziwa kubwa, kwa hivyo uchafu ukiingia unakaa. Gugu ilipofunga ufuo wa Dunga kuna siku mvuvi anakwama ndani usiku kucha na nyumbani wanaona taa yake. Lakini nimekubaliana na mwenye uzi. Maji yakigeuka rangi wa kwanza kujua ni mvuvi, anaambia watu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufuo, wanaanza kupiga simu, na mtu wa ofisi anajua wa mwisho kabisa. Nairobi mto hauna BMU, hauna mtu anayepoteza chakula cha leo maji yakioza. Hiyo ndiyo tofauti, si utajiri.

---

Mwalimu_Kayole

Huu uzi umenifikia kwa wakati. Nina klabu ya mazingira shuleni na watoto wamechoka kupanda miti kila mwaka mahali pale pale.

Tulifanya hivi. Tuliwapeleka Fourteen Falls, si mbali, pita Thika tu, na pale kuna vijana wana mashua za kuvusha watu. Watoto wakaingia na laifjaketi, wakatulia, halafu mmoja akauliza hili povu jeupe ni sabuni ya nani. Nikamwambia fikiria. Akafikiria wee akasema mwalimu, hii ni sabuni ya mama. Darasani nimefundisha habari ya vyanzo vya uchafuzi mara ngapi na hakuna aliyewahi kunijibu hivyo.

Halafu tukapima. Kuna kifaa rahisi kinaitwa sahani ya Secchi, kilibuniwa na padri Mwitaliano Angelo Secchi 1865 na mpaka leo wanasayansi wanakitumia. Unachukua duara la sentimita 20, sisi tulikata mfuniko wa ndoo, unapaka robo nyeupe robo nyeusi, unatoboa katikati, unafunga jiwe chini na kamba juu, kamba unaitia alama kila sentimita kumi. Unashusha upande wenye kivuli cha mashua mpaka sahani ipotee machoni, unaandika kina, unavuta polepole mpaka ionekane tena, unaandika, unachukua katikati ya hizo mbili. Basi. Ukifanya mahali pamoja saa ile ile mwezi baada ya mwezi una rekodi ambayo hata mkubwa hawezi kukuambia ni hisia zako. Pale kwetu sahani ilipotea kabla hata hatujafika alama ya tatu, watoto wakacheka sana, mimi sikuona cha kuchekesha.

---

Kasia_Moja

Mwalimu nakuja kukusalimia mimi mwenyewe. Hiki ndicho nilikuwa natafuta. Na @Fundi_wa_Maji nimekusikia kuhusu dam, nakubali watoto wasiingie pale. Lakini hata hapo kuna kitu kinaweza kufanywa kwa miguu, kufuata Motoine kutoka juu kuja chini na kupiga picha kila bomba linaloingia, mahali pale pale kila mwezi.

---

Wakili_wa_Mtaa

Hapo kwa picha nisikilizeni. Ibara ya 42 ya Katiba inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Ibara ya 70 inasema ukiona haki hiyo inavunjwa au inatishiwa unaweza kwenda mahakamani, na huhitaji kuonyesha kwamba wewe binafsi umepata hasara au umeumia. Hiyo sentensi ya mwisho watu wengi hawaijui. Mtu wa Kayole anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa ajili ya maji yanayofika Malindi na asiulizwe wewe yanakuhusu nini.

Lakini ukienda mikono mitupu utarudi mikono mitupu. Picha ziwe na tarehe na mahali, vipimo vya mwalimu viandikwe kwa daftari moja visikatwe katwe, na andika pia siku ambazo maji yalikuwa mazuri, ukiandika mabaya tu upande wa pili watasema ulikuwa unachagua. Na kabla ya korti kuna vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, sheria ya maji inavitambua, jiungeni na cha mto wenu, na kama hakifanyi kazi jazaneni mkiamshe.

---

Dada_Patapata

Kuna ile jahazi ya Flipflopi mmeisahau. Ilijengwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, tani kumi hivi, na patapata kama elfu 30 zimebandikwa nje rangi zote, fundi mkuu Ali Skanda. 2019 ikatia tanga Lamu mpaka Zanzibar, 2021 ikazunguka Ziwa Victoria. Niliiona kwa picha tu lakini nimewahi kujiuliza, hizo takataka zote zingewekwa kwa maonyesho pale ukumbini KICC nani angeenda kuangalia? Kuelea kwake ndiko kulileta watu ufuoni.

@Mtoto_wa_Shela nadhani nimejua ile patapata ya pili iko wapi 😂

---

Mtoto_wa_Shela

😂😂 Dada umeniweza.

---

NgumoFinest

Sawa, mimi nimelegea kidogo lakini si sana. Nikipata watu wa Kibera wanaojua Motoine vizuri tunaweza kutembea na hao watoto wa mwalimu, lakini sharti moja, wale vijana wa mtaa walipwe kwa kuongoza, isiwe tena ile ya kuja kupiga picha ya maskini na kwenda zenu. Na mkiandika mabomba, andikeni ya pande zote mbili za dam. Zote mbili. Nitakuwa nahesabu.

---

Mama_Otiende

Sahihi kabisa mwanangu. Na mimi nitawaonyesha pale mashua zilikuwa zinatolewa, kuna ngazi za saruji, sijui kama bado zinaonekana.

---

Kijana_wa_Bajeti

Swali la mtu wa kawaida. Nikitaka tu kuona hiyo mstari wa chai na bluu Malindi nitatumia ngapi? Na Nairobi karibu kuna maji ya kuanzia mtu asiyejua kuogelea?

---

Kasia_Moja

Bei ya mashua hainyooki, inategemea msimu na mko wangapi, patana kabla mguu haujaingia ndani na mkiwa kikundi inagawanyika. Ada ya parki inalipwa kwa eCitizen, usimpe mtu taslimu. Laifjaketi uivae, usiikalie. Huku karibu anza Uhuru Park na vile viboti vya kukanyaga, halafu Naivasha, pale chukua nahodha mwenyeji anayejua viboko wamelala wapi na usimwambie asogee karibu upate picha. Usiende wikendi ya sikukuu.

---

Mtoto_wa_Shela

Mkija na sahani yenu, njooni kaskazi ikiwa imekaa sawa, Januari au Februari, ndipo mtauona mpaka wenyewe. Kwa matumbawe mje maji yakiwa yametoka, mtaona vizuri, lakini kupima msipime siku za bamvua, zile za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanakwenda kasi yanavuruga chini mtaandika uongo. Ngojeni maji mafu, siku ambazo maji yanapanda na kushuka kidogo tu. Na asiye na desturi ya bahari asinywe chai nzito asubuhi, mashua ni yetu sisi tunaoifagia.

---

Mwalimu_Kayole

Tumeandika. Wanafunzi wanauliza kama sahani ya baharini iwe ile ile ya sentimita 20 au kubwa.

---

Fundi_wa_Maji

Baharini wengi hutumia ya 30, nyeupe tupu. Lakini mkitaka kulinganisha Fourteen Falls na Malindi beba hiyo hiyo ya mfuniko wa ndoo, na jiwe liwe zito kidogo, mkondo wa kule utaivuta pembeni mkose kipimo.